Presha Haiumi: Kwa Nini Tunakuomba Uketi Kabla ya Kupimwa

Wateja wengi wanaoingia katika duka letu la dawa hapa Langoni, Lamu, hunyoosha mkono juu ya kaunta wakiwa bado wamesimama na vikapu vyao, wakatuomba tuwapime presha upesi. Huwa tunawaomba waketi kwanza kwa dakika 5, na tunajua kwamba ombi hilo huwachosha baadhi yao. Mama mmoja alisisitiza apimwe mara tu alipofika kutoka sokoni, mkono wa buibui ukiwa umekunjwa na kumbana juu ya kiwiko, na mashine ikaonyesha 168 kwa 96. Alipokwisha kupumzika, akautoa mkono kwenye nguo, akaegemea kiti na kuulaza mkono mezani usawa wa moyo bila kuzungumza, mashine ilisoma 144 kwa 90. Hiyo nayo ni presha ya juu, lakini kwa daktari anayepanga dawa hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, nao una vyumba 4. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, tangu ubongo hadi nyayo. Kazi hiyo hufanyika mara 100,000 hivi kwa siku, na kwa mtu mzima aliyetulia hupita takriban lita 5 za damu kila dakika. Namba ya juu tunayokuandikia ni nguvu ya damu ndani ya mishipa wakati moyo unapokaza, na ya chini ni nguvu inayobaki unapolegea.

Wengi hushangaa tunapowaeleza kwamba moyo hauli katika damu iliyojaa vyumbani mwake, bali msuli wake hulishwa na mishipa yake wenyewe, inayouzunguka kwa nje. Mafuta yakijijenga katika kuta za mishipa hiyo, njia huzidi kuwa nyembamba kwa miaka mingi bila mtu kuhisi lolote, kisha siku moja utando unaofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda hapo hapo, na sehemu ya msuli huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Presha ya juu huchubua kuta za mishipa na kuyapa mafuta mahali pa kushika. Vilevile huutwika moyo mzigo. Mkono wa hamali anayebeba magunia gatini hunenepa na kupata nguvu, lakini msuli wa moyo ukinenepa kwa presha huwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na hatimaye huchoka. Yote haya hutokea bila maumivu, na ndiyo sababu tunasikitika sana mteja anapotuambia kwamba ameacha dawa kwa kuwa anajiona mzima. Anajiona mzima kwa sababu presha haiumi. Na kama vipimo vyake vimeshuka, ni dawa iliyovishusha. Kwa Ramadhani, tunawasihi wateja wamwone daktari tangu Shaabani, kwani dawa nyingi za mara moja kwa siku zaweza kuhamishiwa futari au daku, ilhali wanaotumia dawa za kukojoza wanahitaji mpango wao maalumu.

Umri na urithi wa familia hatuwezi kuubadilisha. Kisukari kisichodhibitiwa, unene wa tumbo na kukaa bila kutembea huongeza hatari, na sigara huiongeza zaidi, kwa kuwa moshi huharibu utando wa ndani wa mishipa. Tumbaku inayotiwa katika tambuu nayo haina usalama. Lakini katika mji wetu tungependa chumvi itazamwe kwa makini zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na kipande cha papa mkavu pamoja na achari vyaweza kukimaliza kiasi hicho katika mlo mmoja. Hatumkatazi mtu papa. Mloweke, umwage maji, urudie, kisha usitie chumvi tena katika mchuzi.

Mteja anayekuja kwa mara ya kwanza tunampima mikono yote miwili, na baada ya hapo tunaufuata ule uliotoa namba kubwa. Tunamwandikia kadi, ila dozi habadilishi mtu yeyote hapa dukani. Hilo ni la daktari. Namba zikifika 180 kwa 120, huku mtu akibanwa kifua, akikosa pumzi, akilegea upande mmoja au ulimi ukiwa mzito, hospitali ni saa hiyo hiyo, na aliye visiwani asingoje kuona kama atapata nafuu, kwani maji yakipwa mashua nayo huenda ikamchelewesha.

Ukija kupimwa, usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla, na uje na paketi za dawa zako zote, hata zile ulizoziacha katikati.