Kutengeneza paa kuna kodi, kujenga jipya hakuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu nyumba za huku Uingereza. Ndugu zetu walioko nyumbani bado wanaamini kwamba anayeishi Ulaya amelala kwenye marumaru. Wengi wetu tumelala ndani ya matofali yaliyopangwa enzi za Malkia Victoria, na yanavuja.

Nina karatasi hapa mezani. Fundi wa paa ameniandikia makadirio: kuondoa vigae vya upande wa nyuma, kubadilisha mbao zilizooza, kuweka vigae vipya na gata mpya, pauni 6,000. Chini yake kuna mstari mwingine: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, pauni 1,200. Jumla pauni 7,200. Hiyo 1,200 haininunulii hata msumari mmoja, yote inakwenda serikalini. Na ng'ambo ya barabara kuu, mahali walipokuwa wakilisha ng'ombe, kampuni inajenga mtaa mzima wa nyumba mpya na VAT yake ni sifuri. Kigae ni kile kile na mvua ni ile ile. Anayejenga jipya kasamehewa, na anayezuia la zamani lisianguke anatozwa kama aliyekwenda kununua televisheni.

Mambo haya yamepangwa hivyo na watu, tena zamani. VAT ilipoanza hapa mwaka 1973, matengenezo ya nyumba yalitozwa na ujenzi mpya ukaachwa. Kuongeza chumba au kubadilisha sura ya nyumba kulisamehewa mpaka bajeti ya 1984, waziri wa fedha Nigel Lawson alipoingiza kodi na huko, pamoja na chakula cha moto cha kununua na kuondoka nacho. Januari 2011 waziri mwingine wa fedha, George Osborne, akapandisha kiwango kutoka asilimia 17.5 hadi 20. Wametawala chama cha Conservative, wametawala chama cha Labour, na ile 20 imekaa pale pale. Kisiwa cha Man, hapo katikati ya Bahari ya Ireland, kinatoza asilimia 5 kwa ukarabati wa nyumba za kuishi, na sijasikia kuwa kimezama.

Kichekesho zaidi ni huu. Ukiweka paneli za umeme wa jua, au pampu ya joto, au ukiziba kuta zisipitishe baridi, VAT ni sifuri mpaka mwisho wa Machi 2027. Kwa hiyo serikali itanisamehe nikipandisha paneli juu ya paa, lakini paa la kubebea hizo paneli nililipie kodi.

Sasa mtu wa kipato chetu afanye nini? Anamtafuta fundi mdogo. Sheria inasema biashara ambayo mauzo yake hayajapita pauni 90,000 kwa mwaka hailazimiki kujiandikisha VAT. Kwa maneno mengine, kampuni kubwa yenye bima na vijana wanaojifunza kazi lazima inibebeshe asilimia 20, na mtu mmoja mwenye gari dogo na ngazi ananitoza nafuu kwa sababu hajakua. Wako mafundi wanaokataa kazi mahesabu yakikaribia huo mstari. Ukimuuliza kwa nini haajiri msaidizi, anakucheka. Na chini ya huyo yuko yule wa "keshi au risiti?" Keshi ni rahisi, bila shaka, ila dhamana yake ni namba ya simu ambayo mwezi wa pili haipokelewi. Halafu magazeti ya hapa yanashangaa mafundi matapeli wametoka wapi!

Nyumba hizi zinataka fundi anayezijua. Takriban moja kati ya tano katika England ilijengwa kabla ya 1919. Ukuta wake ni tofali tupu, hauna uwazi katikati, na yale matofali yameshikwa kwa chokaa ili unyevu uingie na kutoka. Mtu wa haraka anakuja na saruji, anaziba viungo, anapaka plasta ngumu, anaondoka na pesa yake. Maji yanabaki ndani. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar hatuhitaji kuhubiriwa hilo: kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa saruji badala ya chokaa tumeziona zikivimba na kubanduka. Ajabu ni kwamba nchi yenye vyuo vikuu vingi namna hii inarudia kosa lile lile, na serikali ikiwa ndiyo msimamizi. Oktoba 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ilitoa ripoti kuhusu mipango miwili ya serikali ya kuzuia baridi majumbani. Katika nyumba zilizofunikwa kuta kwa nje, asilimia 98 zilikutwa na kasoro zinazopaswa kurekebishwa. Tisini na nane, Mhariri! Ukimfunga mtu macho ukampa kazi hiyo, huenda akapata zaidi ya mbili sawasawa. Na fedha za mipango hiyo zimekatwa kwenye bili za umeme na gesi, yaani za kila mtu, pamoja na bibi anayekaa na koti sebuleni kwa kuogopa kuwasha hita.

Mwenye nyumba kama mimi angalau nanung'unika nikiwa na ufunguo wangu. Mpangaji je? Kuna dada mmoja kutoka Mombasa ambaye amepanga kwenye shirika la makazi. Chumba cha watoto, ukivuta kabati la nguo, ukutani kuna ukungu mweusi uliotambaa kuanzia kwenye sakafu mpaka usawa wa soketi, na nguo za shule zinanuka hata zikitoka kufuliwa. Mkaguzi alikuja, akapiga picha, akamwambia afungue madirisha, asianike nguo ndani na apunguze kuchemsha vitu jikoni. Hiyo ilikuwa Januari. Dada akamuuliza kama kwao wali unapikwa bila maji. Mkaguzi aliandika kitu kwenye tableti yake akaenda zake.

Lawama hizi za namna watu wanavyoishi zimeshaua. Awaab Ishak alikuwa na miaka miwili alipofariki Desemba 2020 huko Rochdale. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alianza kulalamika kuhusu ukungu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo ukathibitisha kuwa ukungu ule ndio uliomuua mtoto. Leo kuna sheria yenye jina lake, iliyoanza kufanya kazi England tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, kisha nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Lakini inawabana wenye nyumba za kijamii, yaani kaunsili (halmashauri za mitaa) na mashirika ya makazi. Waliopanga kwa watu binafsi wameahidiwa kuwa nao wataingizwa. Nasifu panapostahili: sheria hii ni nzuri, na ile inayomzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu, kuanzia Mei 1, 2026, tumeisubiri mno. Kila anayekaa kwenye nyumba ya shirika na ana ukungu aandike malalamiko yake kwa maandishi, atunze picha na tarehe. Simu haina ushahidi.

Kuhusu wanasiasa sina mengi, maana wenyewe wanajieleza. Lee Rowley alipoteuliwa Novemba 2023 alikuwa waziri wa nyumba wa 16 tangu mwaka 2010. Hata mlinzi wa getini hukaa muda mrefu zaidi ya hapo. Labour wakaingia 2024 na ahadi ya nyumba milioni 1.5 katika kipindi chao. Septemba 2025 Angela Rayner, aliyekuwa waziri wa makazi na naibu waziri mkuu, akajiuzulu kwa kulipa pungufu ya takriban pauni 40,000 za kodi ya kununua fleti huko Hove. Alisema alifuata ushauri wa kisheria aliopewa, na nakubali kwamba kodi hizi ni fumbo. Basi kama mtunga sera hazielewi, mbeba boksi atazielewa vipi? Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba Rachel Reeves, waziri wa fedha, alipangisha nyumba yake ya London bila leseni ambayo kaunsili ya eneo lile inaitaka. Wakala wake aliomba radhi. Na Steve Reed aliyemrithi Rayner akatokea na kofia nyekundu ya kuhimiza ujenzi. Kofia ya kuhimiza matengenezo ya nyumba za zamani sikuiona.

Kodi ya kaunsili, ile inayolipwa kila mwaka kwa nyumba unayokaa, nayo ina maajabu yake. Hapa England bado inakadiriwa kwa bei ambazo nyumba zilikuwa nazo Aprili 1991. Mwaka huo Mzee Mwinyi alikuwa bado Rais wa Tanzania! Kiwango cha juu kabisa hulipa mara tatu tu ya kiwango cha chini, hata kama nyumba yenyewe inauzwa mara 30. Ndiyo maana nyumba ya kiwango cha kati Westminster, penye majumba ya kifahari, hulipa kidogo zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka, na mwenzake wa Hartlepool, mji wa watu wa kawaida kaskazini, anapita pauni 2,300. Novemba 2025 walitangaza nyongeza kwa nyumba zinazozidi pauni milioni 2, ianze Aprili 2028. Hawaharakishi.

Pendekezo langu ni dogo. Wote tutozwe asilimia 5, anayejenga na anayetengeneza. Hazina itasema pengo litazibwa na nini, na mimi nasema sehemu litazibwa na ile asilimia 5 ya nyumba mpya, na sehemu na mafundi ambao leo wanalipwa mkononi bila senti kuingia serikalini. Zamani kisingizio kilikuwa Brussels. Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya tangu Januari 2020, na msamaha wa paneli za jua waliuweka wenyewe, hawakumuomba mtu ruhusa.

Na kwa wasomaji wako walioko huku: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza ana haki ya kupiga kura hapa, hata katika uchaguzi wa wabunge, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Huhitaji pasipoti yao. Wengi hawajui, wanaona barua ya kaunsili ya kujiandikisha wanaitupa pamoja na matangazo ya piza. Jiandikisheni, na mgombea akibisha hodi mwonyesheni dari. Wengi wetu tuko kati ya mapaa mawili, la huku na lile la Fuoni au Kibaha ambalo fundi anatuma picha za mabati kila Ijumaa usiku, na pesa ni ile ile moja.

Mimi nimeshamwandikia mbunge wangu kuhusu ile pauni 1,200. Ofisi yake imenijibu vizuri sana, kwa barua ya kurasa mbili, yote ikieleza nyumba mpya milioni 1.5.

Wako,
Mbeba boksi,
Midlands, Uingereza