Mjomba, chukudu niliitoa mimi

Mjomba wangu,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu lawama ulibebeshwa mbele za watu. Siku ile ua wetu wa Majengo, hapa Goma, ulijaa majirani, na wote walimsikia mama akikuuliza ni akili gani hiyo ya kumpandisha mtoto wa miaka minane kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, tena msichana. Ukajibu, "Nilimpandisha mimi, dada. Nisamehe." Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, mkono wa kushoto umevimba, na nilisikia kila neno. Nikanyamaza. Nimenyamaza tangu 2017.

Hukunipandisha. Ulikuwa ndani unakula, umetoka Kibumba alfajiri na magunia ya kabichi, na chukudu uliiacha ukutani na jiwe mbele ya gurudumu. Jiwe nililiondoa mimi. Nilipiga goti pale pale unapopiga wewe, juu ya kile kipande cha ndala ulichokipigilia misumari, nikasukuma kwa mguu mmoja kama nilivyokuwa nakuona kila siku. Breki niliijua pia: raba ya tairi juu ya gurudumu la nyuma, unaikanyaga, gurudumu linakaza, raba inanuka. Ila mguu wangu haukuifikia. Avenyu yetu inateremka kidogo tu, lakini chini yake kulikuwa na mawe ya volkano ya 2002, yale meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyapondaponda, makali kama chupa iliyovunjika. Niliangukia kiwiko.

Kwanza tulikwenda kwa mzee anayeunga mifupa, akanifunga kwa vijiti na majani, akakaza sana. Siku ya tatu vidole vilikuwa baridi na vimebadilika rangi, tukakimbilia hospitali. (Wewe mwenye mtoto unayesoma hapa: vidole vikiwa baridi, usingoje kuche.) Hospitali ilitaka pesa, na pesa zikapatikana. Nyumbani hakuna aliyeuliza sana zimetoka wapi, kwa kuwa kila mtu aliona ni haki wewe ndiye ulipe. Uliuza chukudu. Chombo kilichokulisha wewe na koko, bibi yangu, kilikwenda kwa sababu yangu, na mimi nilijua, na bado nikanyamaza.

Ukaenda kufanya kazi kwa fundi, kuwachongea wengine machukudu. Hapo ndipo tulipoanza kuwa watu wawili wanaojuana, maana kabla ya hapo ulikuwa tu mjomba anayeleta mahindi. Plasta ilipotolewa kiwiko kilikuwa kigumu kama tawi kavu. Muuguzi alisema nikikunje na kukinyoosha mwenyewe, taratibu, kila siku, na mimi nilikuwa nalia tu. Wewe ukaleta usukani wa mkaratusi na kipande cha msasa. "Nisaidie, mama, mteja anangoja." Unaniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, na mtu akiombwa msaada kwa jina hilo anakataaje? Nilisugua mbele, nikasugua nyuma, unga wa mti ukanijaa kwenye sketi, na mkono ukawa unakunjuka bila mimi kuufikiria.

Jumamosi ulinisimamisha mlangoni, bega kwenye mwimo, nyoosha. Pale vidole vilipofika ulichora mstari kwa kaa. Wiki iliyofuata tena. Mistari ilisogea, ikasogea, halafu ikagoma. Hukuniambia nijikaze. Ulichora ule wa mwisho mnene kuliko mingine, ukasema huu unatosha kubebea bidoni la maji. Kweli unatosha. Kiwiko hakinyooki hadi mwisho mpaka leo, na bidoni nabeba.

Muda huo wote mama alikuwekea chakula bila kukutazama.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa tutoke mjini, uliazima chukudu kwa fundi wako. Tulimweka koko juu ya godoro, tukashika njia ya Sake pamoja na ule umati. Wewe ulishika usukani, mimi nilisukuma nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ardhi ilikuwa bado inatetemeka, watoto wanalia, pikipiki zinapiga honi, na koko hapo juu anasali rozari yake kana kwamba yuko kitandani. Tukafika kwenye mteremko, uzito ukaanza kukuburuta. Hukugeuka. Ulisema tu, "Mama, kanyaga." Nikakanyaga. Mguu ulifika. Nilisikia harufu ile ya raba na nikalia njia nzima, wewe ukadhani nimechoka.

Usiku wa Sake ndipo nilipokuuliza kwa nini ulinifichia. Ulikuwa unavua viatu. "Ulikuwa na maumivu yako tayari. Fimbo ya nini tena?" Ukalala.

Ya Januari 2025, vita vilipoingia Goma, siyaandiki hapa. Ulikuja kututafuta kwa miguu, mjomba, na ulitupata.

Sasa nina miaka kumi na sita, na bado kila Jumamosi nakuja kwenye karakana, nakuandikia daftari la wateja na wanaodaiwa. Wiki iliyopita mama aliniaga mlangoni: "Angalia asije akakuangusha tena." Hakuwa na hasira, alisema kwa mazoea tu. Nilitembea hadi kwako nikiwa na neno hilo kifuani, na nilipokukuta umepiga magoti unatengeneza gurudumu, nilishindwa hata kukusalimu vizuri. Uliuliza kama ninaumwa.

Barua hii nitamsomea mama mwenyewe leo jioni, kabla majirani hawajaiona. Sijui atanifanya nini, na hilo ni langu. Simu yako ikilia usiku, ni yeye. Pokea, mjomba.