Amri ya matunzo ya watoto isibaki karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa matunzo ya watoto baada ya talaka hapa Mombasa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Nasi Waislamu tunajua kuwa talaka humtenga mume na mke, haimtengi baba na mwanawe.

Tatizo huanza baada ya hukumu. Jirani yangu huku Likoni ana amri ya korti mkononi. Baba watoto alilipa miezi miwili, akanyamaza. Ili kulalamika, mama huyo anayeuza viazi karai lazima aache meza yake, avuke feri, akae kwenye foleni, pengine aambiwe arudi wiki ijayo. Siku hiyo hakuna mauzo, na watoto jioni wanataka kula. Nimemwona akilia kwa uchovu, wala si yeye peke yake. Wengi hukata tamaa, na baba huchukulia kimya hicho kuwa ni msamaha.

Napendekeza kila amri itaje tarehe ya malipo, na pesa zipitie M-Pesa ili rekodi ibaki. Mwenye mshahara akatwe kazini. Asiyelipa aitwe na korti yenyewe, bila mama kulazimika kuanza safari upya.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa