Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Askari Polisi Wastaafu

Maafande wenzangu, ndugu wanachama, na wake na waume zetu mlioitikia mwaliko,

Naanza na viti. Kikao cha kwanza cha mwaka huu tulikuwa watu 9 kwenye meza moja ndefu, na viti vyote vilivyoupa mlango kisogo vilibaki vitupu. Tulibanana upande wa ukutani, magoti yakigusana, na hakuna aliyesema kwa nini. Katibu wetu, ambaye hajawahi kuvaa sare, ndiye aliyeuliza kama vile viti vingine ni vibovu. Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilipokwisha tukatazamana, na nadhani hapo ndipo chama kilipoanza kazi yake.

Wengi wetu tuliamini kwamba siku ya kukabidhi sare na silaha tutakabidhi na yale mengine. Wapi! Kwa baadhi yetu mambo yameanza hasa baada ya kustaafu. Ukiwa kazini zamu inafukuzana na zamu. Maiti ya asubuhi inafunikwa na fujo ya jioni, maelezo yanaandikwa, jalada linafungwa, kesho kuna jingine. Ukistaafu hakuna tena cha kufunika. Mwenzetu mmoja ameniruhusu niseme hili bila kumtaja: mtoto aliyemtoa kwenye gari lililopinduka miaka mingi iliyopita hakuwahi kumjia ndotoni hata usiku mmoja alipokuwa kazini. Alimjia wiki ya tatu ya kustaafu, amevaa kiatu kimoja. "Kile kiatu," aliniambia, "nilikuwa nimekisahau kabisa."

Jambo hili tumelikwepa kwa kuliita uchovu, presha au uzee. Madaktari wanaliita mfadhaiko wa baada ya kiwewe, yaani tukio la kutisha kuendelea kumtesa mtu hata baada ya kupita. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani uliliingiza mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kutokana na hali ya waliorudi kutoka vita vya Vietnam, na ndiyo maana kwa muda mrefu watu walidhani ni maradhi ya wanajeshi. Toleo la mwaka 2013 limewataja kabisa polisi wanaokutana tena na tena na habari za ukatili dhidi ya watoto. Nilipousoma mstari huo niliurudia mara tatu. Wapo kati yetu wanaokaa kimya kwa kuona hawana haki ya kuumwa: hawakupigwa risasi, hawakufukuzana na mtu, walikuwa "wa ofisini". Mpelelezi aliyeandika maelezo ya watoto mwaka hadi mwaka, kalamu mkononi na uso mkavu, naye amehesabiwa. Msiendelee kujitoa kwenye orodha.

Sasa kosa langu, ambalo sitaki lipite kwenye kumbukumbu za kikao kwa lugha laini.

Mimi ndiye niliyeanzisha duara la kusimulia. Kila mgeni, siku yake ya kwanza, alitakiwa aeleze tukio baya kuliko yote aliyowahi kuyaona. Niliamini jipu likitumbuliwa linapona. Mwanachama mmoja mpya alisimulia mpaka mikono ikawa inatetemeka. Tulimpigia makofi, tukamwambia amejikaza kiaskari, tukamwacha aende zake. Hakurudi. Baada ya siku nne mkewe alinipigia simu: hajalala, na anazunguka nyumba usiku kucha akijaribu vitasa.

Mshauri nasaha tuliyemwalika baadaye hakumung'unya maneno. Alisema mtindo huo wa kumketisha mtu mara moja, asimulie, kisha basi, ulishapimwa na watafiti zamani; haukuonekana kuzuia maradhi, na wapo ambao hali zao zilizidi kuwa mbaya. Nilishamwomba radhi mwenzetu huyo nyumbani kwake. Leo naomba radhi mbele yenu. Duara limefutwa, na anayekuja kwetu kunyamaza atanyamaza atakavyo.

Hiyo haina maana kwamba kusimulia ni sumu. Tiba zenye ushahidi nazo zinaligusa tukio lenyewe, ila kwa hatua, kwa mtaalamu mmoja, wiki baada ya wiki, na mtu haachwi njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unapendekeza kwa watu wazima tiba ya kubadili fikra na mienendo inayolenga kiwewe, pamoja na ile ya kusogeza macho iliyobuniwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980. Hii ya pili niliicheka. Mtu mzima ufuatishe kidole cha daktari kushoto na kulia, kama paka anayetazama saa ya ukutani! Nimeshakwenda vikao 8. Mlango ukibamizwa na upepo bado nashtuka, lakini nashtuka kisha narudi kwenye gazeti langu. Zamani nilikuwa nasimama mpaka giza liingie.

Kuhusu pombe nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu anajijua. Inakulaza haraka, halafu inakuamsha saa tisa usiku na kila kitu kikiwa kinakusubiri.

Kikao kilichonifundisha zaidi mwaka huu hakikuwa chetu. Kilikuwa cha wake na waume zetu, na sisi tuliambiwa tukae nje. Walikubaliana tuletewe sentensi moja tu kutoka ndani: "Amestaafu yeye, mimi bado niko zamu." Mama aliyeitamka anajua kumwamsha mumewe kwa kumwita jina akiwa mlangoni, kamwe si kwa kumgusa bega. Amejifunza peke yake, hakuna aliyemwelekeza. Tangu siku hiyo kikao chao kimewekwa kwenye ratiba, kila mwezi.

Tulikubaliana pia kwamba mwanachama mwenye silaha nyumbani, akiona usiku unamzidi nguvu, anaitoa na kuikabidhi mahali pa kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria, na mwenzake mmoja anamsindikiza. Haulizwi sababu. Mara mbili mwaka huu simu ya kuomba kusindikizwa imepigwa, na mara zote mbili mtu aliondoka nyumbani kwake palepale kwenda kumsindikiza mwenzake. Sina zaidi ya kueleza hapo.

Tulipokwama ni kwa mwajiri wetu wa zamani. Tumeomba huduma ya ushauri nasaha isikome siku ya kustaafu. Barua tatu, majibu hakuna. Ya nne inapelekwa kwa mkono.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Uchaguzi utafuata baada yake. Nafasi yangu iko wazi, na atakayeitaka asinionee haya.

Kikao kijacho ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni. Meza tumeigeuza, mlango sasa uko ubavuni kwa kila mtu. Atakayetangulia kufika awashe taa ya ukumbini kwanza, kisha ya chumbani.