Kabla hujanunua nyoka

Bagamoyo

Rafiki yangu Bakari,

Salamu kwako na kwa wote hapo Tanga. Hesabu yako ya faida ya kufuga chatu na kuuza watoto wao nimeisoma yote. Nakusihi uiweke kando kwanza, maana itakufanya uwaumize wanyama.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, hutaga mayai sita hivi tu. Jike asipandishwe kabla hajafikisha gramu 1,500, na kufika hapo ni kama miaka mitatu ya kumlisha panya. Mwenye haraka ya pesa humpandisha akiwa na gramu 1,200, tena kila mwaka. Mayai hukwama tumboni, au hutoka na jike akabaki uti wa mgongo umechomoza. Anayempenda humwacha apumzike mwaka mzima, hata kama wateja wanangoja.

Kazi yenyewe iko kwenye mayai. Yaweke ndani ya boksi lenye vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu) na maji, uzito sawa kwa sawa, joto nyuzi 31 hadi 32, kwa siku 55 hadi 60. Kila yai litie alama ya penseli upande wa juu, wala usiligeuze: kiinitete hujishikiza gandani mapema, ukiligeuza kinaweza kufa. Baada ya juma moja mulika kwa tochi gizani. Yai zima lina mishipa myekundu iliyotambaa kama mizizi. Bovu ni njano tupu. Joto likizidi, watoto hutoka na migongo iliyopinda. Na umeme ukikatika usiku wa manane, lazima uamke upange chupa za maji ya moto kando ya boksi.

Albino wa kwanza wa chatu hawa kuzalishwa kwa ufugaji alitokea Marekani mwaka 1992, akiwa na bei ya maelfu ya dola. Wengine walipozalisha, bei ilianguka. Kwenu mwasema waja leo waondoka leo. Hapa bei ndiyo huondoka, nyoka hubaki, naye huishi miaka 20 na zaidi, akila.

Kibali cha kufuga usikikwepe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi, na chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Usitegemee soko la nje: waulize wafugaji wa vipepeo wa Amani, Muheza, yaliyowafika usafirishaji wa wanyamapori hai uliposimamishwa mwaka 2016. Wala usinunue chatu aliyenaswa porini; wengi hugoma kula na wamejaa kupe.

Ukipata kibali, niandikie. Nitakuja tupime thamostati yako, yaani kidhibiti joto, siku tatu mfululizo kabla ya nyoka kuingia.

Wako,
Salim