Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mbwa Wanaoachiwa Huru katika Njia Zetu za Matembezi

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha matembezi na mbio za mazoezi inamtaka mwenyekiti awasilishe mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya mwaka unaomalizika. Mambo ya ada, fulana na ratiba za Jumamosi yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, na kwa kuwa hayakuwa na mgogoro wowote sitayagusa. Suala lililokula muda mwingi wa vikao vya kamati, na ambalo kila mwanachama ninayekutana naye huniuliza limefikia wapi, ni la mbwa wanaoachiwa huru na wenyewe katika njia tunazopita alfajiri, hasa ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam, kandokando ya Toure Drive, na mitaa ya ndani ya Oysterbay na Masaki tunayoikatiza kabla ya kufika baharini.

Napenda kwanza kuwaondolea lawama mbwa wasiohusika. Malalamiko mengi yaliyoifikia kamati hayakuwahusu mbwa koko, ambao kwa sehemu kubwa wameshazoea watu na hujiondokea wenyewe wanaposikia vishindo vya kundi letu. Yaliwahusu mbwa wenye wenyewe: wanaolishwa vizuri, wenye mikanda shingoni na majina ya kuitwa. Baadhi yao ni mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku ndani ya ua, kisha geti linapofunguliwa alfajiri ili gari litoke, wao hutoka kabla ya gari. Hao tatizo lao ni rahisi, kwa kuwa nyumba yao inajulikana na mlinzi akielezwa awafungie bandani kabla ya kufungua geti, jambo huisha. Wenye kazi ni wale wanaopelekwa matembezini kwa makusudi na kufunguliwa kamba wakishafika ufukweni.

Tukio lililoifanya kamati ilichukulie suala hili kwa uzito lilimpata mzee wetu mmoja, ambaye hujiunga nasi akitokea msikitini moja kwa moja, kanzu yake ikiwa bado mwilini. Mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia alitoka majini, akamrukia, akamwekea kifuani nyayo mbili zilizojaa mchanga na kumlamba mkono. Mwenye mbwa alikuwa nyuma kwa umbali wa mtu kuitwa, kamba ya mbwa ameitundika shingoni mwake mwenyewe, akipaza sauti: “Usiogope mzee, hang'ati, anacheza tu!” Mzee hakujibu kitu. Aligeuka akarudi nyumbani, na ilichukua wiki kadhaa kumshawishi aungane nasi tena.

Kauli hiyo ya “hang'ati” tumeisikia mara nyingi mwaka huu, na nadhani ndiyo kiini cha mgogoro wote. Mwenye mbwa huitamka kwa nia njema, akiamini kwamba ameshalijibu lalamiko, ilhali aliyerukiwa hakuwa ameuliza kama mbwa hung'ata. Kwa mzee yule, kama wanavyofahamu wengi wetu tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwa hiyo mbwa mpole kuliko wote duniani angekuwa amemwachia usumbufu uleule. Mwanachama mwingine aling'atwa utotoni na hadi leo moyo humwenda mbio akiona mbwa, hata aliye upande wa pili wa barabara. Mwingine ana goti lililofanyiwa upasuaji, na kwake kusukumwa na mnyama wa kilo thelathini ni hatari bila jino lolote kuhusika. Upole wa mbwa anaujua mwenye mbwa peke yake. Sisi tunachoweza kukiona na kukiamini ni kamba iliyo mkononi.

Lipo jambo ambalo baadhi yenu hamkulipenda nilipolisema katika kikao cha katikati ya mwaka, nami nalirudia kwa sababu naamini ni la haki. Mara nyingi anayemshika mbwa alfajiri si mwenye mbwa bali ni kijana wa kazi au mlinzi, aliyekabidhiwa mbwa wawili wenye nguvu kuliko yeye, pengine kwa kamba ya katani iliyokwisha kuchakaa, na wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Kumfokea kijana huyo hakusaidii, na kumpiga picha na kuisambaza katika magrupu ya WhatsApp, kama ilivyotokea mara moja, ni kumwonea. Kamati iliamua kwamba malalamiko yote yapelekwe kwa mwenye nyumba, kwa barua yenye heshima, nakala ikienda ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi walioandikiwa walijibu vizuri, na wawili walikuja wenyewe kuomba radhi. Alikuwapo pia aliyetujibu kwamba ufukwe ni wa umma na mbwa wake ana haki ya kukimbia. Hoja yake ya kwanza hatuipingi.

Kisheria, hatukuanza na mikono mitupu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 233, inahesabu kuwa ni kosa mtu kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye mikononi mwake. Upande wa pili, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu katika kikao kimoja yalitolewa mapendekezo ya kubeba mawe na hata kutega nyama yenye sumu. Niliyakataa pale pale, na ningependa kumbukumbu zionyeshe kwamba chama hiki hakitaunga mkono jambo hilo. Mwenye bakora ya kutembelea aendelee nayo, lakini asiitumie kumchokoza mbwa aliyetulia.

Sasa niseme juu ya kichaa cha mbwa, ambacho ndicho kinachofanya jambo hili liwe zito kuliko ugomvi wa majirani. Karibu wagonjwa wote wa ugonjwa huu duniani, takriban asilimia 99, wameupata kutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba inayotegemewa. Dalili huweza kuchelewa kwa wiki au miezi, na ndiyo maana mtu huona kidonda kimepona akadhani mambo yamekwisha. Mwanachama wetu aliyekwaruzwa mguuni karibu na Daraja la Tanzanite alitaka kuendelea na mazoezi kwa kuwa damu ilikuwa kidogo. Wenzake walimzuia, wakamsimamisha kwenye bomba la mlinzi wa jirani na kumwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, huku yeye akilalamika kwamba watu wanamtazama, kisha wakampeleka hospitali siku ileile kuanza chanjo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, hata mwenye mbwa akiapa kwamba mbwa amechanjwa. Kadi ya chanjo iletwe baadaye, na mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini matibabu yasisubiri hayo.

Wapo wanaosema kwamba ugonjwa huu hauwezekani kuondolewa katika nchi yetu. Nawaomba watazame Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza huko mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umeondoka kisiwani. Mwaka 2016 uliingia tena, uchanjaji ukaimarishwa, na mwaka 2018 ukazimwa kwa mara nyingine. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa kuzingatia hilo, kamati ilishirikiana na afisa mifugo wa kata kuwahimiza wenye mbwa wa mitaa tunayopita wajitokeze kwenye chanjo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wanachama wetu wenye mbwa walikuwa wa kwanza kufika, na ninawashukuru, maana ingekuwa aibu kuwaandikia wengine barua huku wa kwetu hawana kadi.

Kuhusu namna ya kujihami njiani, mafunzo tuliyopewa na daktari wa mifugo yalikuwa mafupi na nayaona yametufaa. Mbwa akija mbio, kundi lisimame na nyimbo zinyamaze; asitokee mtu wa kukimbia, kwani anayekimbia hufukuzwa. Mtu asimame ubavu, mikono ikiwa karibu na mwili, asimkazie mbwa macho, na amwombe mwenye mbwa kwa sauti ya kawaida amfunge kamba. Wakimbiaji wa mbele, ambao kwa kawaida hawasikii la mtu, wamelielewa hili baada ya kufukuzwa hadi karibu na kibanda cha mihogo.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mkutano uridhie mambo machache. Mwanachama mwenye mbwa atamtembeza kwa kamba isiyozidi mita mbili akiwa na kundi, na atawasilisha nakala ya kadi ya chanjo kila mwaka. Kamati ipewe idhini ya kuiomba manispaa iweke mabango ufukweni na itenge sehemu na saa maalumu za kuwaachia mbwa wakimbie, maana mbwa naye anahitaji kukimbia, na mwenye mbwa asiye na pa kumpeleka ataendelea kumfungulia hapohapo tunapopita. Aidha, kila kundi la Jumamosi libebe kipande cha sabuni na maji lita mbili. Rasimu ya barua kwa manispaa iko kwa katibu, na anayetaka kuongeza jambo amfikishie kwa maandishi kabla ya kura kupigwa leo mchana.

Mwenyekiti