Sampuli za saratani ya tezi dume zisiharibikie mikononi

Bwana Mhariri,

Wanaokusanya sampuli za saratani ya tezi dume iliyosambaa hapa Lubumbashi watazame saa kwanza. Damu ya kutafutia DNA ya uvimbe, ikiwa kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayofunga kalsiamu, hivyo damu haigandi), izungushwe kwenye mashine ya kutenga seli ndani ya saa 4 hivi tangu itolewe. Ikichelewa, seli nyeupe hupasuka na DNA yake huifunika ile ya saratani. Kuigandisha kwenye friza kabla haijazungushwa ni kuipoteza. Kipande cha mfupa wenye saratani kisilainishwe kwa asidi kali, inayoharibu DNA, kitumie EDTA. Umeme ukikatika (na utakatika), friza isifunguliwe.

Kipimo cha PSA (protini ya tezi dume iliyomo kwenye damu) kisichoonyesha tarehe, wala kama mgonjwa yuko kwenye sindano za kushusha testosteroni (homoni ya kiume), ni namba tupu, maana sindano hizo hukishusha. Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye tyubu.

Wafanyakazi wa maabara,
Lubumbashi